Futi Mia Mbili

Rula ya Jaypeetee imekatika ncha, inaanzia sentimita mbili,
lakini alipoilaza juu ya ramani ya shule
akatoa anayotakiwa kutoa, akapata jibu:
kutoka kwetu hadi kwa mama mdogo Leetia
ni kilomita mia tatu na themanini na ushei.
"Saa moja na nusu tu, mama."
Akapiga mstari chini, akafunga daftari.

Mwanangu, rula haivai koti.

Kwetu ni Aujuittuq, ndiyo kusema Pasipoyeyuka.
Kwake ni Qausuittuq, ndiyo kusema Pasipopambazuka.
Kati ya barafu isiyokwisha na usiku usiokucha
hakuna barabara. Kuna ndege moja ya injini mbili,
mara mbili kwa wiki,
ikipenda.

Kazi yangu mimi ni kutazama.
Nina kibanda cha bati kando ya uwanja wa changarawe,
kipima upepo, redio, birika,
na mlima ulioinamia uwanja
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake begani.
Rubani haniulizi watoto hawajambo.
Huniuliza: mawingu yako wapi?
Nami humjibu,
na nilichosema ndicho anachoshuka nacho.

Alhamisi ile ya Machi Leetia alikuwa ndani.
Miaka miwili na miezi minne!
Kaibeba ulu ya marehemu mama,
kile kisu cha nusu mwezi chenye mpini wa mfupa
tulichogombania hadi siku ya mazishi.
Nilikuwa nimefua mashuka. Nimeyeyusha nyama ya sili.
Jaypeetee alioga bila kuambiwa.

Saa tano wingu likaingia kutoka baharini,
halikubisha hodi.
Nikasoma: futi mia tano.
Nikamimina chai, nikasoma tena: mia tatu.
Kisha mia mbili, na mlima ukajifunika gubigubi.

Ningeweza kusema mia nne.
Nani angenishika? Kibandani nilikuwa peke yangu.
Ulimi hauna mfupa,
lakini mlima unao.

Nikabonyeza redio. Nikasema mia mbili.

Wakaja hata hivyo, wakazunguka juu ya ule weupe
wakitafuta tundu.
Kioo cha dirisha kikalia. Chai ikachora duara kikombeni.
Kiti chake nakijua: cha nyuma, kushoto,
karibu na katoni za maziwa ya duka.
Kwa dakika nne dada yangu alikuwa karibu nami
kuliko shule, kuliko duka,
kuliko kaburi la mama kule ng'ambo ya kijito.
Nikatoka bila kofia
nikaupungia mkono weupe mtupu,
mwanamke wa miaka arobaini na sita,
nikipunga.

"Aujuittuq, tunarudi," akasema rubani.
Mngurumo ukaelekea magharibi, ukawa wa nzi,
ukawa wa damu yangu masikioni.

Usiku simu ikalia.
"Rubani alikuwa ameacha redio wazi," alisema Leetia.
"Nilikusikia ukisema mia mbili."
Nikanyamaza. Naye akanyamaza.
Nikasikia aaga yake ikichemka, kilomita zote zile.
"Sauti yako siku hizi ni ya mama kabisa," akasema,
na mpaka leo sijui
kama alikuwa ananisifu.

Jaypeetee akaleta daftari:
sasa aandike umbali gani?
Nikamwambia aache vivyo hivyo,
mwalimu atampa tiki.

Tulikula ile nyama siku tatu.
Jumapili mlima ukaonekana hadi kileleni,
kila ufa, kila jiwe, anga kama sahani iliyooshwa.
Nikaandika kitabuni: hakuna wingu.
Ratibani, siku hiyo, hakuna ndege.